Kinoo cha asili cha Kijapani: anza na kisu chako, mgodi utafuata

Kila ninapoulizwa kuhusu vinoo vya asili vya Kijapani, swali la kwanza huwa ni mgodi. Ninunue Nakayama au Ozuku? Shobudani je, inafaa? Nami hujibu kwa kuuliza: unanoa nini, chuma chake ni cha namna gani, na kabla ya kufika kwenye kinoo hicho utakuwa umetumia kipi? Mpishi mwenye kisu cha samaki, seremala mwenye randa na mtu anayenyoa kwa wembe wa kukunja wanaweza kusimama mbele ya meza moja ya mawe, na jiwe linalomfaa mmoja likawa hasara tupu kwa mwenzake. Nimeyatumia mawe haya kwa miaka, kwanza kwenye patasi na randa, baadaye zaidi kwenye visu vya jikoni. Kwamba jiwe huchaguliwa kwa kufuata chombo unachonoa ndilo jambo ningependa kila mnunuzi alijue kabla hajatoa pesa.

Mawe ninayoyazungumzia ni yale ya kumalizia, yaitwayo awasedo. Yenye sifa kubwa yalichimbwa kwenye milima iliyo upande wa magharibi wa Kyoto, kuanzia Narutaki na Umegahata mpaka Kameoka. Asili yake ni matope ya kina cha bahari yaliyotuama takriban miaka milioni 250 iliyopita, katika majira yale ambapo sehemu kubwa ya viumbe wa baharini iliangamia. Kabla ya hapo sakafu ya bahari ilikuwa ikijazwa na magamba ya radiolaria, viumbe wadogo mno ambao magamba yao yakishikamana huwa jiwe gumu la jamii ya gumegume. Radiolaria walipoadimika, udongo laini wenye chembe ndogo sana za kwatzi ulipata nafasi ya kurundikana. Ndiyo maana jiwe hili hunoa: chembe zinazokata zimeshikwa na udongo, na udongo huziachia kidogo kidogo unapopitisha chuma juu yake.

Matope hayo yalitanda tabaka juu ya tabaka, kisha ardhi ikayakunja. Kwa hiyo mgodi mmoja hutoa mawe ya tabia tofauti kabisa. Wachimbaji walizipa tabaka majina, na mawili utakayokutana nayo sana ni tomae, jiwe lililoshikamana vizuri, na suita, ambalo mara nyingi huwa na vitundu vidogo na, likiwa zuri, hukata upesi. Lakini hata suita mbili zilizotoka mahali pamoja zinaweza kutofautiana. Migodi mingi ilifungwa katika karne ya 20 vinoo vya kiwandani vilipoenea, na jina la mgodi uliofungwa hupandisha bei hata kabla jiwe halijaloweshwa. Mhuri wa wino wenye jina la mgodi, uliogongwa juu ya jiwe, usikupumbaze. Mihuri hughushiwa, na hata ukiwa wa kweli unakwambia jiwe lilikotoka tu. Haukwambii litafanya nini kwenye kisu chako.

Kinoo cha kiwandani kina namba ya udogo wa chembe zake, na namba ikipanda chembe huwa ndogo zaidi: 1000, 3000, 8000. Jiwe la asili halina. Muuzaji akikuambia hili ni sawa na 8000, anakadiria kwa mkono wake. Chembe za jiwe hupondeka chini ya kisu, na tope unaloliona juu ya kinoo mwanzoni si lile lile baada ya dakika chache. Limeshakuwa laini zaidi. Punguza mkono nalo litakulainishia makali, gandamiza nalo litakata kwa nguvu. Mimi hupenda mawe haya kwa sababu hiyo hasa, maana jiwe moja hukufikisha mbali ukijifunza kulisikiliza mkononi.

Sasa ugumu, ambako ndiko pesa nyingi hupotea. Wauzaji wengi hutumia ngazi ya 1 hadi 5, na 5 ndilo gumu kabisa. Ngazi hiyo haina mamlaka inayoisimamia, kila duka hupima lenyewe, kwa hiyo 4 ya hapa yaweza kuwa 3 ya kule. Mnunuzi mpya hukimbilia 5 akidhani gumu ndilo bora. Kwa wembe, naam, jiwe gumu lenye chembe ndogo sana linafaa, kwa sababu eneo linaloguswa ni dogo na unataka makali yenyewe tu yafanyiwe kazi. Kwa kisu cha jikoni chenye bapa pana la kunolewa, yaani ule upande ulioinama kuelekea makali, jiwe gumu mno ni mateso. Hutoa tope kidogo, huacha mng'ao wenye mikwaruzo, na kila bonde dogo lililobaki kwenye bapa hulionyesha wazi bila kulifikia.

Hapa lazima uangalie kisu chako kimejengwaje. Visu vingi vya jadi vya Kijapani, pamoja na patasi na randa, vina feleji ngumu kwenye makali, iliyofuliwa pamoja na chuma laini. Jiwe la ugumu wa kati, tuseme 3 hivi, hutoa tope la kutosha kuingia kwenye mabonde. Chuma laini hubaki na ukungu wa kijivu uliotulia, nayo feleji hung'aa zaidi pembeni yake. Ukungu huo ndio kasumi ambao watu huutafuta kwenye mawe ya asili, na hautoki kwenye jiwe gumu bila kazi ya ziada. Kama kisu chako ni cha feleji ya kaboni, mfano shirogami au aogami zitengenezwazo Yasugi katika mkoa wa Shimane, jiwe la asili litakifurahia. Shirogami hasa hunoleka kwa wepesi wa ajabu. Aogami imeongezwa tangsteni na kromiamu, kwa hiyo hukataa kidogo, lakini hukubali.

Kisu kisichoshika kutu chenye kromiamu nyingi, au kile cha feleji za kisasa zenye vanadiamu, ni habari nyingine. Ndani ya chuma hicho mna kabaidi, chembe za kaboni iliyoungana na metali, ambazo ni ngumu kuliko kwatzi iliyo ndani ya kinoo. Utasugua, jiwe litateleza, na utaishia kulilaumu jiwe. Mwenye kisu kama hicho ningemshauri anunue kinoo kizuri cha kiwandani au cha almasi, pesa zake zibaki mfukoni.

Seremala naye ana mahitaji yake. Wembe wa randa hutaka uso ulionyooka, hivyo kinoo chako kisiwe laini kiasi cha kuchimbika katikati baada ya kunoa mara chache. Ugumu wa 4 unamtosha, na kiwe kipana. Bapa likinyooka juu ya jiwe gumu utahisi linanata, na mnato huo ni dalili njema.

Kinachotangulia ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Jiwe la kumalizia halikuumbwa kufuta mikwaruzo ya kinoo cha 1000. Wapo wanaopita kwenye mawe ya asili ya kati, kama yale ya Amakusa huko Kyushu, au aoto ya Kameoka ambayo naipenda sana. Lakini kwa anayeanza, fanya kazi ya mwanzo na ya kati kwa vinoo vya kiwandani, 1000 kisha 3000 au zaidi kidogo, na fedha zako zote ziweke kwenye jiwe moja la kumalizia.

Ukipata nafasi ya kufika dukani, nenda na kisu chako mwenyewe, kikiwa kimeshatoka kwenye kinoo cha kati, na uombe ruhusa ya kujaribu. Lowesha jiwe kwanza, uangalie maji yanavyokaa. Likiyanywa haraka, kwa kawaida ni laini. Yakikaa juu kama juu ya kioo, ni gumu. Jiwe likiwa linakauka chunguza pande zake, kwa sababu nyufa hubaki na maji na kuonekana kama nyuzi nyeusi. Mistari juu ya uso si kosa yote. Pitisha ukucha juu ya kila mstari, kisha pitisha kisu. Ukisikia mkwaruzo mahali pamoja kila unapopita, mstari huo utakuharibia bapa, liache jiwe hilo. Mwisho inamisha bapa chini ya taa moja iliyo chini, si kwenye mwanga uliotawanyika. Mikwaruzo isiyo na mpangilio itajitokeza yenyewe.

Ukinunua mtandaoni, omba picha za pande zote sita, jiwe likiwa kavu na likiwa limelowa, na kama inawezekana video ya jiwe likinoa. Muuzaji asiyekubali kurudishiwa jiwe lenye mwamba mgumu ndani yake, mimi simnunulii.

Rangi na madoa huuza sana. Nashiji ina vidoa kama ngozi ya tunda la peasi, karasu ina mabaka meusi, renge ina madoa mekundu ya zambarau. Ni mazuri kweli, nami ninalo moja la renge ninalolipenda. Lakini usilipie doa ukidhani unalipia makali.

Pia yapo mapande yasiyo na umbo kamili, yaitwayo koppa. Jiwe kamili huwa na urefu wa takriban milimita 205 na upana wa 75. Koppa ni kipande kilichokosa pembe au kilichopinda, na bei yake huwa chini sana kwa ubora ule ule. Kwa wembe, au kwa kisu kifupi, sioni sababu ya kuanza na kingine.

Wapo wanaotaka kupiga bapa zima liwe na ukungu mmoja bila alama za mistari. Kwa hilo kuna vipande vyembamba vya jiwe vilivyobandikwa washi, karatasi ya jadi ya Kijapani, kwa nyuma, ambavyo husuguliwa kwa kidole gumba. Vinatokana na ufundi wa kung'arisha panga za kale, ambako mawe ya uchigumori hutumika kuelekea mwisho. Vitumie kwenye visu vya jikoni upendavyo. Upanga wa kale usiuguse. Kila msuguo huondoa chuma kisichorudi, na kazi hiyo ina mafundi waliosomea kwa miaka mingi.

Jiwe likishafika nyumbani, kausha pande zake na chini, kisha upake vanishi au laki isiyopitisha maji tabaka mbili tatu, uso wa kunolea ubaki wazi. Usiliroweke kwenye beseni kama vinoo vingine; nyunyizia maji tu unapofanya kazi. Likaushe kivulini, mbali na jua. Mnaoishi Ulaya au Kanada, msiliache stoo wakati wa baridi kali, kwa sababu maji yakiganda ndani ya tabaka hulipasua.