Kabla ya kuuza nyumba na kuhamia garini

Shikamoo, mama. Nimeelewa kwamba wewe na mzee mmestaafu huko Ohio mkiwa na miaka 66, na mnataka kuuza nyumba ili mzunguke Marekani mkiishi ndani ya gari-nyumba, yaani gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo. Nyumba msiiuze kwanza. Kodini gari la namna hiyo kwa wiki mbili, ikiwezekana majira ya baridi, kwani mabomba yanapoganda usiku na tangi la maji machafu likajaa, ndipo mtakapojua kama mtayaweza.

Jambo zito zaidi ni bima ya afya. Medicare ya asili, yaani bima ya serikali ya Marekani kwa wenye miaka 65 na zaidi, hutumika nchi nzima kwa madaktari wanaoikubali, ilhali mipango mingi ya Medicare Advantage, inayoendeshwa na kampuni binafsi, huwafunga wanachama kwa madaktari wa eneo lao, na kurudi kwenye ile ya asili baadaye kwaweza kuwa kugumu kwa mwenye maradhi ya kudumu anayehitaji bima ya nyongeza. Muoneni mshauri wa SHIP, mpango wa kuwasaidia watu kuhusu Medicare, wa jimbo lenu, ambaye hatozi chochote.

Mkinunua gari lililotumika, msidanganywe na kashata nene za tairi: tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyopigwa ubavuni mwa tairi, mfano 2315, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2015, na tairi la umri huo libadilishwe. Kifaa cha kugundua hewa yenye sumu ya kaboni monoksidi nacho ni lazima.