Jibu: Mkataba wa miaka 5 kwa dogo wa miaka 16

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako asaini huo mkataba wa miaka 5 aliopewa na klabu ya hapo Tanga baada ya majaribio ya uwanja wa Mkwakwani. Asisaini kwanza. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 afungwe zaidi ya miaka 3, na muda unaozidi hapo hautambuliki. Miaka 5 ni kikomo cha wakubwa. Aliyeuandika ama hajui kanuni, ama kajua nyie hamzijui.

Halafu rudi kwenye ukurasa wa malipo. "Posho kulingana na uwezo wa klabu" si ahadi hiyo, ni dua. Itajwe shilingi ngapi, tarehe ngapi, nani anamtibu goti likienda, nani analipa ada ya shule. Mzazi asaini naye, na nakala ibaki nyumbani siku hiyo hiyo, siyo "mtaifuata ofisini".

Timu yake ya mtaani kule Ngamiani nayo msiisahau. Akija kuuzwa nje kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea akiwa na miaka 12 hadi 23, hata za ridhaa, ilimradi alisajiliwa rasmi. Kocha wake akahakikishe usajili huo mapema.

Na huyo wakala anayeahidi kumpeleka "Uarabuni mwaka huu"? Uhamisho wa kimataifa huanzia miaka 18, ukiacha nafasi chache mno. Mwulize yeye anapitia ipi.