Pasipoti ya Uingereza iliyokataliwa Uingereza

SWALI: Mhariri, salaam. Marehemu babu alifunga duka lake Biashara Street mwaka 1968, lakini alipofika London akazuiwa. Pasipoti yake ya Uingereza tunayo hadi leo. Ilikataliwaje? Na sisi wajukuu tuna haki yoyote?
– Msomaji, Ngara

JIBU: Ndugu msomaji, ifungue uangalie ni ofisi ipi iliyoitoa. Sheria ya Uingereza ya 1962 iliwawekea vizuizi watu wa Jumuiya ya Madola, ila haikumgusa mwenye pasipoti iliyotolewa na serikali ya Uingereza yenyewe. Iliyotolewa na gavana wa koloni haikuhesabiwa. Baada ya uhuru gavana hakuwepo tena, basi Waasia ambao hawakujiandikisha kuwa raia wa Kenya katika ile miaka miwili waliyopewa walichukulia pasipoti ubalozini hapa Nairobi. Ukiona jina la ubalozi, babu yako alikuwa na ruhusa kamili ya kuingia.

Mwaka 1967 Kenya ilianza kudai vibali vya kazi na kuwabana wasio raia kwenye leseni za biashara. Watu wakakimbilia ndege. Bunge la London likapitisha sheria mpya kwa siku chache tu, ikaanza 1 Machi 1968: sharti wewe, mzazi wako, babu au bibi yako awe amezaliwa Uingereza au amepata uraia huko. Wengine wote walipangiwa vocha (vibali vya kuingia) 1,500 kwa mwaka, kwa wakuu wa familia.

Neno "rangi" halimo ndani ya sheria hiyo. Halikuhitajika. Mlowezi Mzungu wa mtaa wa Karen, Nairobi, alikuwa na babu aliyezaliwa Uingereza. Mwasia mwenye duka wa Ngara hakuwa naye, ingawa pasipoti zao zilikuwa na nembo moja. Mwaka 1973 Kamisheni ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba ubaguzi huo wa rangi uliwadhalilisha watu hawa. Nasi twaona hivyo hivyo.

Kuhusu haki yenu: tangu 1983 wengi wa aina ya babu yako waliitwa raia wa Uingereza wa ng'ambo, hadhi ambayo kwa kawaida hairithiwi. Tangu 2003 mwenye hadhi hiyo anaweza kuomba uraia kamili, mradi hana uraia mwingine wowote na hakuuacha kwa hiari baada ya 4 Julai 2002. Wajukuu wenye vitambulisho vya Kenya hawamo.