Kisiki kilichokauka usikiguse: ushauri kwa wapenda ndege na bustani

Watu wakinitumia picha za bustani zao na kuuliza mbona ndege hawatui, nami huwauliza: mmefagia mpaka wapi? Huku Tabora uwanja uliofagiliwa ni heshima ya mwenye nyumba. Majani yanakusanywa alfajiri na kuchomwa, tawi likikauka linakuwa kuni, nyasi ndefu zinafyekwa kwa kuogopa nyoka. Uwanja unang'aa kweli, ila ndege akitua hapo hana cha kula wala pa kulala.

Mengi ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa babu mmoja wa Isevya, mstaafu wa reli. Simtaji jina, hapendi, halafu kila anayemfahamu huishia kumwomba miche. Tangu ujana wake anapanda na kutazama ndege kwenye kiwanja kilekile. Ukipita asubuhi na "Mwangaluka, babu", usishangae akikunyamazisha kwa mkono kwanza. Kuna kitu juu ya mti na salamu itangoja.

Nyuma ya nyumba yake kuna mwembe uliokufa miaka mingi. Wanawe wanataka uangushwe. Yeye alikata matawi yaliyoelekea paa, shina akaliacha, na shina hilo ndilo mtaa mzima wa ndege. Kigong'ota hutoboa shimo lake, zuakulu naye hujichimbia la kwake kwenye sehemu iliyooza. Wakihama, kwezi huingia bila kulipa kilemba. Kisha huja mlembe, ambaye hajengi wala halei: hutaga kwenye mashimo ya hao wenzake, nao wakamkuzia mtoto bila kujua.

Sasa fikiria mkoa huu unavyojivunia asali yake, hadi chuo cha nyuki kiko hapa mjini. Mlembe ndiye anayemwongoza mrina asali hadi kwenye mzinga wa porini, na ujira wake ni masega yanayobaki, kwa kuwa tumbo lake linaweza kusaga nta. Mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi na Wayao wa Niassa, Msumbiji, walionyesha kwamba mlembe huitikia mwito maalumu wa warina asali kuliko sauti nyingine za watu. (Wazee wetu wa porini wangewaeleza hayo bila kudai posho.) Lakini mlembe hawezi kuzaliana pasipo ndege wa mashimoni, na ndege wa mashimoni hawana kazi na mti mchanga. Miombo mingapi imekwenda kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, Urambo na Sikonge! Kwa hiyo kama una mti uliokauka mbali na nyumba na mahali watoto wanapocheza, punguza matawi ya hatari na uache shina lisimame. Mchwa watalila, sawa, na mchwa nao ni chakula.

Kuhusu vya kupanda, usikimbilie maua ya dukani. Mshubiri huchanua wakati wa kiangazi, kila kitu kikiwa kimekauka, na ndege aina ya chozi hawauachi. Mchicha uliozeeka using'oe wote, acha mashina machache yatoe mbegu, chiriku watakuja wenyewe. Kuzumburu ni kesi nyingine. Hao wanatembea kwa kundi na wanaweza kukumalizia miche ya mboga siku moja. Babu aliwapandia mforsadi kwenye ua, mbali na matuta. Hawakuacha mboga kabisa, lakini siku za matunda ya mforsadi figiri na chainizi hupumua. Chandarua kuukuu cha kufunikia mboga hakitaki kutumika ovyo: kikining'inia kimelegea, ndege hunasa miguu na kufa. Kivute kikaze juu ya fito, au tumia matawi ya miiba. Dawa ya wadudu ndiyo usipulize kabisa, maana hata mnana, ambaye ukimwona kutwa yuko kwenye mbegu, huwalisha makinda wadudu.

Maji ni rahisi kuliko yote. Kigae kipana cha chungu, kina cha vidole viwili, juu ya gogo ambapo paka hawezi kujificha karibu. Yabadilishe kila siku. Mbu anahitaji takriban juma moja au zaidi majini kabla hajaruka, kwa hiyo ukimwaga kila asubuhi hutamfuga.

Linalobaki ni kuandika, na hapa ndipo wengi wetu tunapomwacha babu mbali. Ana kaunta buku zimejaa: tarehe keremkerem wa Ulaya walipopita, tarehe miombo ilipochipua majani mekundu kabla ya mvua, mnana dume gani alifumua kiota baada ya jike kukikataa. Ndege asiyemjua hampi jina la kubahatisha. Ukurasa mmoja wa zamani unasema: "mdogo, anarukaruka kama popo, tumbo jeupe, kiuno cheupe, mkia karibu hana." Jina la kisayansi aliliongeza pembeni miaka mingi baadaye, kwa wino mwingine, baada ya kuazimwa kitabu chenye picha: Neafrapus boehmi. Ameitwa hivyo kwa Richard Böhm, Mjerumani aliyekusanya ndege Kakoma, kusini mwa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1880, akafia Katanga mwaka 1884. Böhm alipita hapa miaka michache tu. Mimi namwona babu kuwa na kumbukumbu bora zaidi, maana yeye anajua mwezi gani ndege huyo haonekani.

Ukiwa na simu, ingiza unayoyaona kwenye eBird, daftari la mtandaoni la watazama ndege, ambako hata ndege wa uani kwako huhesabiwa. Usiandike wa ajabu peke yao. Andika shorwe, tetere na kunguru pia, na idadi yao, hata siku ambayo hakuna kilichokufurahisha.