Kugeuza String kuwa InputStream bila kuharibu herufi

Swali: Naandika programu ya Java hapa Kampala inayoshughulikia majina ya bidhaa kwa Kiluganda. Maktaba ninayoitumia hupokea InputStream (mkondo wa baiti) pekee, ilhali matini yangu imo tayari ndani ya String (mfuatano wa herufi). Kwa sasa naiandika kwenye faili la muda kisha nalisoma, na kwenye kompyuta ya ofisini herufi ŋ hutoka kama alama ya kuuliza. Nifanyeje?

Jibu: Faili la muda halihitajiki, kwa sababu Java ina klasi inayosoma baiti moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu:

InputStream mkondo = new ByteArrayInputStream(matini.getBytes(StandardCharsets.UTF_8));

Tafadhali usiache neno UTF_8, yaani usimbaji unaoweza kubeba herufi za lugha zote, maana tatizo lako la pili limejificha hapo. String hubeba herufi, mkondo hubeba baiti, na ni lazima uamue herufi zisimbwe vipi, yaani zigeuzwe baiti kwa kanuni gani. Kabla ya Java 18, iliyotoka mwaka 2022, getBytes() isiyotajiwa usimbaji ilifuata mpangilio wa kompyuta, na kwenye Windows nyingi zilizowekwa Kiingereza mpangilio huo ni windows-1252, ambao hauna ŋ kabisa. Kwa hiyo "eŋŋoma" hugeuka "e??oma", na herufi iliyopotea hivyo hairudishiki. Kwa UTF-8, neno hilo lenye herufi sita huwa baiti nane, kwani kila ŋ huchukua baiti mbili, C5 na 8B kwa namba za heksadesimali.

Utakutana pia na StringBufferInputStream, ambayo jina lake linavutia, nakusihi uiepuke. Ilitangazwa kuwa haifai tangu Java 1.1, kwa kuwa huchukua biti nane za mwisho tu za kila herufi. Namba ya ŋ katika Unicode, orodha ya herufi ambayo Java huitumia, ni 014B, hivyo hubaki 4B, yaani K, nawe unapata "eKKoma". Kwangu hilo ni baya kuliko alama ya kuuliza, kwa sababu linafanana na neno halali na laweza kupita bila mtu kulishtukia.

Hakikisha maktaba nayo inausoma mkondo kwa UTF-8. Ikiwa inakubali Reader (klasi inayosoma herufi badala ya baiti), ipe StringReader, ambayo haipiti kwenye baiti hata kidogo. Kumbuka vilevile kwamba getBytes huunda nakala nzima kwenye kumbukumbu: kwa orodha ya bidhaa haidhuru, lakini kwa matini ya mamia ya megabaiti ni afadhali usome chanzo chenyewe moja kwa moja, bila kukikusanya kwanza ndani ya String.