Márquez alihama peke yake, mbona viti kumi na viwili vikapata watu wapya?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Morogoro na mfuatiliaji wa MotoGP, daraja la juu la mbio za pikipiki duniani, tangu Marc Márquez akiwa Honda. Nina mawili yananitatiza. Kwanza, alipoondoka Honda alikwenda Gresini, timu ndogo inayotumia pikipiki za Ducati, akapewa pikipiki ya mwaka uliopita, na bado akarudi kushinda. Iliwezekanaje? Pili, timu ya kiwanda ya Ducati (ya mtengenezaji mwenyewe) ilipomchukua kwa msimu wa 2025, karibu kila timu ilibadilisha watu. Mtu mmoja akihama si nafasi mbili tu zinazoguswa?

Jibu: Marahaba. Nianze na la pikipiki, maana ndilo linalonipa ugali.

Wewe unaendesha kila siku, kwa hiyo unajua kwamba mtu akikuazima pikipiki yake, hata kama ni Boxer kama yako, kona ya kwanza unaingia kwa wasiwasi. Breki inashika mapema au inachelewa, klachi inaachia pengine. Sasa chukua hiyo, uifanye kwa kasi ya kilomita 300 na zaidi kwa saa.

Honda RC213V ya miaka ya Márquez ilikuwa pikipiki ya tairi la mbele. Yeye alikuwa anafunga breki akiwa amechelewa kuliko wote, anaingia kona breki ikiwa bado imeshikwa, na tairi likianza kuteleza anaizuia pikipiki isilale kwa kiwiko na goti. Kwa mtindo huo alichukua ubingwa mara sita katika daraja la MotoGP, kati ya 2013 na 2019. Julai 2020 akavunjika mkono wa kulia kwenye uwanja wa Jerez, Hispania, ukafanyiwa upasuaji mara nne. Honda nayo ikapoteza mshiko wa tairi la nyuma, kwa hiyo kazi yote ya kusimamisha na kugeuza ikaendelea kulielemea lile la mbele. Mwaka 2023 alianguka mara 29. Wikiendi moja tu, pale Sachsenring, Ujerumani, alianguka mara tano. Hapo tatizo halikuwa ujasiri.

Ducati inafunga breki kwa matairi yote mawili. Tairi la nyuma linabaki chini na linafanya kazi, na kutoka kwenye kona kuna kifaa kinachoishusha pikipiki nyuma ili nguvu isiinue gurudumu la mbele. Hiyo GP23 aliyopewa, yaani Ducati ya 2023, ilikuwa ya mwaka uliopita, ni kweli, lakini ndiyo iliyompa Bagnaia wa timu ya kiwanda ubingwa wa 2023. Na mwaka 2024 Ducati walikuwa na pikipiki nane uwanjani, data zake zote zikiwekwa mezani pamoja. Márquez aliweza kufungua kompyuta akaona Bagnaia anashika breki wapi, kwa nguvu kiasi gani, anaiachia lini. Kwangu mimi hilo ndilo lililokuwa na thamani kuliko mshahara mnono alioupa kisogo, na kuliko mwaka mmoja wa mkataba aliouvunja kwa makubaliano na Honda.

Lakini usidhani ilikuwa mteremko. Tairi jipya la nyuma la Michelin lililoletwa 2024 liliipenda zaidi GP24, Ducati ya mwaka huo. Waliobaki na GP23 walikuwa wanne: Márquez, nduguye Álex, Bezzecchi na Di Giannantonio. Kati yao aliyeshinda mbio za Jumapili ni yeye peke yake, mara tatu, akianzia Aragón tarehe 1 Septemba. Alikuwa amekaa siku 1,043 bila ushindi.

Watu wengi husahau mafundi. Anayehama huacha nyuma kundi linalojua maana ya neno lake. Akisema "mbele inasukuma", fundi wake wa zamani anajua mara moja kama ni shokapu, ni tairi au ni yeye mwenyewe amechoka. Valentino Rossi alipotoka Honda kwenda Yamaha alimhamisha fundi wake mkuu Jeremy Burgess pamoja na sehemu kubwa ya kundi lake, na Aprili 2004, pale Welkom, Afrika Kusini, akashinda mbio yake ya kwanza kabisa akiwa na Yamaha. Márquez hakupata bahati hiyo. Kutoka Honda alikwenda na fundi mmoja tu, na Santi Hernández, aliyekuwa fundi wake mkuu miaka yote hiyo, akabaki. Pale Gresini akafanya kazi na Frankie Carchedi, kisha kwenye timu ya kiwanda akamkuta Marco Rigamonti, aliyekuwa fundi mkuu wa Bastianini, mwendeshaji aliyetolewa kumpisha. Mafundi wakuu wawili wapya ndani ya miaka miwili.

Kuzoea kwenyewe hakuna ratiba. Jorge Lorenzo aliingia Ducati mwaka 2017 akiwa bingwa mara tatu wa daraja hilo akiwa na Yamaha, na mwaka mzima hakushinda hata mbio moja. Alikuwa analalamika kwamba akifunga breki hana pa kujishikilia, mikono inachoka. Mwaka 2018 wakambadilishia umbo la tanki la mafuta ili mwili upate pa kuegemea, akashinda Mugello, Italia. Siku chache baadaye ikatangazwa kwamba anakwenda Honda, alishasaini. Kipande cha tanki, jamani.

Sasa hesabu yako ya nafasi mbili. Ingekuwa sahihi kama kungekuwa na kiti kinachobaki wazi bila mtu kukitaka. Wanaoanza mbio ni 22, timu 11, kila moja watu wawili. Hakuna kiti cha ziada, kwa hiyo aliyesukumwa lazima amsukume mwingine au aondoke.

Mpango wa Ducati ulikuwa kumpandisha Jorge Martín kutoka Pramac, timu nyingine iliyokuwa ikitumia Ducati, hadi timu ya kiwanda, na Márquez apewe pikipiki mpya lakini akae Pramac. Alhamisi ya wiki ya Mugello, mwisho wa Mei 2024, Márquez akasema hadharani kwamba Pramac haimo katika hesabu zake. Ducati wakageuka. Jumatatu tarehe 3 Juni Martín akatangazwa Aprilia, na Jumatano Ducati wakamtangaza Márquez.

Fuata mkondo kutoka hapo. Bastianini, aliyetolewa timu ya kiwanda, akaenda Tech3, timu ya pili ya KTM. Martín akachukua Aprilia kiti cha Aleix Espargaró aliyekuwa anastaafu. Viñales naye akaiacha Aprilia, akamfuata Bastianini Tech3, na nafasi yake ikachukuliwa na Bezzecchi wa VR46, timu nyingine ya pikipiki za Ducati. Pengo la VR46 likazibwa na Morbidelli kutoka Pramac. Pramac, iliyobaki bila Martín, bila Morbidelli na bila Márquez, ikaiacha Ducati baada ya miaka 20, ikachukua pikipiki za Yamaha na kuwaajiri Oliveira na Miller. Miller alikuwa amempisha Acosta kwenye timu ya kiwanda ya KTM. Oliveira alipotoka timu ya Trackhouse, akaingia Ogura kutoka Moto2, daraja la chini ya MotoGP, na kiti alichoacha Márquez Gresini akapewa kijana Aldeguer. Timu ya LCR walikuwa na lao: Nakagami akampisha Chantra, Mthailandi wa kwanza katika daraja hilo. Ukihesabu, viti 12 kati ya 22 vilikuwa na mtu mpya. Si vyote vilisukumwa na Márquez, ila vingi vyake ni vya mkondo huo.

Usione Yamaha walipata makombo. Walikuwa kundi D la mfumo wa nafuu ulioanza mwishoni mwa 2023, ambako kiwanda kilicho nyuma kinaruhusiwa kufanya majaribio na waendeshaji wake wa mbio, kitu ambacho Ducati ya kundi A haikuwa nacho. Kuongeza pikipiki mbili za Pramac kulimaanisha data mara mbili.

Na aliyeonekana ameshuka si lazima ameshuka. Bezzecchi alihangaika na GP23, akaenda Aprilia, akashinda Silverstone, Uingereza, 2025 na kumaliza msimu katika nafasi ya tatu. Martín, bingwa wa 2024, aliumia majaribio ya Sepang, Malaysia, akaumia tena mazoezini, kisha vibaya zaidi Qatar. Mkataba wake ulikuwa na kipengele cha kujitoa kilichotegemea msimamo wake baada ya mbio sita za mwanzo, mbio ambazo nyingi hakushiriki. Alipotaka kukitumia, Aprilia wakakataa, na Julai akarudi uwanjani akisema anabaki. Ukisikia fulani amesaini miaka miwili, uliza kwanza kama kuna mlango wa nyuma.

Mikataba mingi iliandikwa imalizike mwisho wa 2026 kwa sababu 2027 inakuja na injini za cc 850 badala ya 1,000, matairi ya Pirelli, na vile vifaa vya kushusha pikipiki vinapigwa marufuku. Mtindo wa kufunga breki unaofaa leo unaweza kuwa mzigo hapo, ndiyo maana meneja mwenye akili huangalia michoro ya injini kabla ya kuangalia jina la timu.