Gari Kuukuu na Jumamosi za Ufukweni

Gari langu lina miaka 24. Rangi ya boneti imepauka na kiti cha dereva nimekishonesha mara mbili. Nalipenda kwa sababu naweza kuingia ndani nikiwa nimelowa maji ya bahari, mchanga hadi magotini, na nisiwaze kitu. Nilipokuwa na gari jipya la mkopo nililiegesha mbali na watu wote, na kila mara nageuka kulitazama. Bahari niliiona kwa jicho moja.

Lakini gari kuukuu lina kazi yake, na nakushauri kazi hiyo uifanye Alhamisi jioni. Ukikuta hitilafu Alhamisi, Ijumaa nzima ni ya fundi. Ukiikuta Jumamosi asubuhi, watoto wameshapanda, utajiambia ni kitu kidogo. Mimi nilijiambia hivyo. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umevimba karibu na klipu, nikauona, nikafunga boneti tukaondoka. Katikati ya safari mshale wa joto ukapanda, ikaja harufu tamutamu ya kulanti (maji ya kupozea injini), kisha mvuke. Nilizima injini papo hapo, na nadhani hilo ndilo lililookoa gasketi ya kichwa cha injini. Tulikaa kivulini karibu saa nzima kabla sijagusa mfuniko, maana rejeta ikiwa ya moto hurusha maji yanayochemka usoni mwa mtu.

Kwa hiyo, injini ikiwa baridi, pima oili na maji, kisha binya mipira yote kwa vidole. Iliyovimba, iliyolegea au yenye nyufa, badilisha. Kwenye tairi usidanganywe na meno mazuri, angalia na umri wake. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT, ubavuni mwa tairi. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwenye buti weka jeki pamoja na kipande cha ubao mpana, la sivyo jeki itazama mchangani.

Kinachoyamaliza magari haya hasa ni chumvi. Upepo wa bahari huibeba, hivyo hata usipokanyaga maji utarudi nayo. Osha gari kwa maji yasiyo na chumvi Jumapili hiyohiyo, na uanzie chini: matao ya matairi, chesisi, ekzosi. Kisha inama utazame ukingo wa chini wa kila mlango. Kuna vitundu vidogo vya kutolea maji, na mchanga huviziba. Maji yakibaki humo, mlango unaliwa na kutu kutoka ndani, na siku rangi inapotoa malengelenge bati limeshakwisha. Mimi navizibua kwa kijiti.

Ukimaliza kuosha, liendeshe kidogo breki zikauke. Kama litakaa wiki nzima, liegeshe mahali tambarare, tia gia, weka vigingi kwenye matairi na usivute handibreki. Lainingi za breki za nyuma zilizolowa hugandana na ngoma ya gurudumu kwa kutu, na Jumamosi inayofuata gari halisogei.

Mazulia toa yote uyaanike. Jumapili iliyopita, chini ya zulia la nyuma nilikuta makombe matatu na soksi moja ya mtoto, bado mbichi. Soksi nimeianika. Makombe yako kwenye dashibodi.